Nilimwambia mke wangu nina tifoide

Barua ya wiki hii kwa Yaya, mkubwa wenu wa safu hii, imetoka Goma. Mambo mawili matatu yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike mtaani kwake.

Yaya, jambo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke mmoja na watoto watatu. Niko na duka la vifaa vya ujenzi Birere, mwaka wa kumi na moja sasa: misumari, mabati, rangi, kufuli. Duka bado lipo lakini rafu zimebaki nusu. Tangu mabenki ya hapa yafunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa niliyokuwa nimeweka sijaigusa, na wateja niliowakopesha wananionyesha mifuko mitupu. Ili nisifunge kabisa nilichukua dola 600 kwa mtu wa banki lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kali. Riba yao unaijua. Sitaki kuyaongea sana hayo, kila mtu Goma ana yake.

Ninalokuandikia ni la usiku.

Zamani nilikuwa mtu wa bia moja, Jumapili baada ya misa. Sasa kila jioni nikishafunga duka napita kwenye nganda, baa moja iliyo njiani. Naanza saa moja, ikifika saa tatu nimemaliza chupa mbili kubwa. Siku ambayo yule mtu wa riba amepita dukani, zinakuwa tatu. Sigombani na mtu, siimbi barabarani. Nafika, nakula, naoga, na kabla mama wa watoto hajamaliza kuosha vyombo mimi nimelala kama jiwe.

Shida inaanza saa nane na nusu, saa tisa. Macho yanafunguka yenyewe. Moyo unadunda kama mtu aliyekimbizwa, shuka limelowa jasho, mkojo umenibana. Natoka nje, narudi, nalala chali nikitazama mabati na kuhesabu: fulani dola 80, fulani 35, yule wa lambert sijui ngapi tena. Nyumba yetu ni ya mbao, jirani akikohoa tunamsikia, basi nasikiliza mbwa wa mtaa mzima mpaka adhana. Asubuhi naenda kazini nimechoka kuliko nilivyolala.

La pili ndilo linanifanya nifiche jina. Ni mwezi wa tano mwili haunitii nikiwa na mke wangu. Mara ya kwanza nilisema ni uchovu. Mara ya pili niliogopa hata kabla hatujaanza. Tangu hapo nakunywa ili nipate moyo, na kweli hamu inakuja, maneno matamu yanakuja, lakini likifika jambo lenyewe, hakuna. Mama ananigeuzia mgongo bila neno. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikasema uongo. Siku moja aliniuliza, "Papa, una nini lakini?" Nikajibu, "Nina tifoide." Hapa kwetu kila mtu ana tifoide, ni ugonjwa ambao hauulizwi maswali. Yeye aliuliza. Halafu akaenda kwenye AVEC yao, kikundi cha mama wa mtaa cha kuweka akiba, ilikuwa ndiyo wiki ya kugawana, akatoa dola 40 kwenye sehemu yake akaniwekea mkononi: "Nenda ujitibishe vizuri." Pesa ile ilikuwa minervali, ada ya shule, ya binti yetu mkubwa. Nilinunua vidonge vya dola 7 vya kumwonyesha. Zilizobaki, nyingine zilienda kwa mtu wa riba, nyingine nilizinywa. Neno hilo la mwisho nimeliandika na kulifuta mara tatu.

Sasa anaona siponi. Anataka Jumamosi twende wote labo, apate karatasi ya matokeo mkononi mwake. Na dada yake amemtia maneno: tifoide gani hii inayomlaza mtu saa tatu na kumtoa nje saa tisa? Huyo ana biro ya pili, mwanamke wa nje, anatoka kupiga simu. Yaya, ni mkojo tu!

Kaka yangu mkubwa anataka kunipeleka kwenye maombi ya ukombozi, anasema mtu wa ukoo amenifunga. Rafiki yangu alinipa kidonge cha buluu cha nguvu za kiume, kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Nilimeza nusu juu ya bia. Uso uliwaka, kichwa kiliuma, na mwili haukusogea. Mwingine ananiambia ninunue Valium, dawa ya kutuliza, nikiamka saa tisa nimeze kimoja.

Kuna kitu kinanichanganya. Mwezi uliopita tulikuwa na matanga Rutshuru, kwa baba mkubwa. Ni watu wa kanisa hasa, hakuna tone la pombe. Nilikaa siku nne. Usiku wa kwanza sikufunga jicho, na asubuhi mikono ilitetemeka nikishika kikombe cha chai, mpaka shangazi akauliza kama nina malaria. Usiku wa pili nilisinzia kidogo kidogo. Wa tatu, chini kwenye mkeka, katikati ya wanaume kumi wanaokoroma, nililala mpaka jua. Na niliamka nikakuta mwili umeniwahi kuamka, kama nina miaka ishirini. Ilibidi nilale kifudifudi mpaka wenzangu watoke. Nikarudi Goma na furaha. Jioni ileile nikapita kwenye nganda kuisherehekea.

Basi niambie: ni bia, ni mawazo, nimefungwa, au nimeisha? Na Jumamosi nimwambie nini mama wa watoto?

Papa wa Watatu

Papa wa Watatu, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka penye tifoide. Mara ya pili nilipofika penye minervali sikucheka tena, na nadhani wewe mwenyewe ulipokuwa unafuta lile neno hukuwa unacheka.

Unaniletea mambo matatu ndani ya kitambaa kimoja: usingizi unaokatika saa tisa, mwili unaokataa, na uongo ambao umeshagharimu dola 40. Kwako yameshikana mpaka yamekuwa neno moja, "nimeisha". Mimi nilivaa blauzi nyeupe ya hospitali miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na ninaona mafundo matatu. Yanavutana, ndiyo, lakini kila moja lina mahali pake pa kushika.

Ngoja tuanze na bia, kwa hesabu, kwa sababu wewe ni mfanyabiashara. Chupa kubwa ya kwetu ni santilita 70 na kitu. Kwa bia ya asilimia 5, ndani yake mna karibu gramu 28 za alkoholi. Ini la mtu mzima linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina haraka: kahawa haiwezi kuliharakisha, wala maji baridi. Kwa hiyo chupa mbili ni kazi ya saa sita mpaka nane. Umeanza kunywa saa moja ya jioni. Hesabu mwenyewe kwa vidole: alkoholi inakuishia mwilini kati ya saa saba na saa tisa za usiku. Wewe unadhani saa tisa ni saa ya mawazo, au ya wachawi, au ya mbwa. Ni saa ambayo chupa zako mbili zimekwisha.

Na zikiisha, hazitoki kimya. Alkoholi ubongoni inakaza breki, inalegeza na sehemu zinazouchangamsha. Ubongo haupendi kushikwa hivyo usiku baada ya usiku, nao unajibu kwa kuongeza mafuta. Fikiria motari anayeteremka na moto yake, yaani pikipiki, huku amekamata breki na amekaza mafuta vilevile. Breki ikiachia ghafla, moto inaruka. Ule moyo unaodunda, lile jasho, ndiyo moto yako inaruka. Ongeza na figo: pombe inanyamazisha homoni inayoziambia zibakize maji, ndiyo maana kibofu kinajaa. (Shemeji yako asome hapa, aone ile simu ya saa tisa ni nini.)

Halafu kuna kotisoli. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni mbili zinazokuhusu sana: adrenalini, ile ya kushtuka mara moja, na kotisoli, ile ya kukaa macho kwa muda mrefu. Kwa mtu anayelala usiku, kotisoli inakuwa chini kabisa karibu na saa sita za usiku, inaanza kupanda kuelekea alfajiri, na kilele chake ni nusu saa hivi baada ya kuamka. Hiyo ni kawaida, ndiyo inayotutoa kitandani. Kwa mtu mwenye deni inaweza kupanda ikiwa na hasira, na pombe nayo, ikiwa nyingi au ikiwa inatoka mwilini, inaisukuma juu zaidi. Kwa hiyo saa tisa yako ni njia panda: pombe inatoka, kotisoli inapanda, kibofu kimejaa, na yule wa lambert anangoja kwenye mabati.

Wewe uliniambia riba ya lambert naijua. Naijua. Sasa ona: bia inakukopesha usingizi saa tatu bila kuuliza dhamana, na saa tisa inakuja kudai pamoja na riba. Kipande cha kwanza cha usiku unakipata kizito kweli, hukudanganyika hapo. Lakini usingizi wa ndoto, ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope, pombe inaufinya, na kipande cha pili cha usiku kinachanika.

Usingizi huo wa ndoto una uhusiano na fundo la pili, nami naona hapa ndipo barua yako ina jibu ambalo wewe uliliandika halafu ukalipita. Mwanaume mzima mwenye afya mwili wake huamka mara tatu mpaka tano kwa usiku akiwa amelala, na mara nyingi ni wakati wa usingizi wa ndoto. Hahitaji mwanamke wala mawazo. Asubuhi anakuta ile ya mwisho. Wewe umekaa miezi mitano ukiukata huo usingizi kila usiku, halafu ukaenda Rutshuru, na usiku wa tatu bila pombe, kwenye mkeka, katikati ya wanaume kumi na miguu yao, mwili ukakusalimia. Mtu aliyeisha hasalimiwi hivyo. Mishipa ilipitisha damu, neva zilibeba ujumbe. Sisemi kila kitu ni kizima, hilo linapimwa na nitalirudia. Nasema neno "nimeisha" ulilitoa wapi?

Labda ulilitoa kitandani, ile mara ya pili, ulipoogopa kabla hamjaanza. Mwanaume ili mwili uitike anahitaji neva za utulivu zifungue mishipa ya damu. Neva za kushtuka zinafanya kinyume: zinaifunga, damu inapelekwa kwenye miguu ya kukimbilia. Mwili hauulizi kama unayemwogopa ni mtu wa riba, ni mlio wa risasi, au ni aibu mbele ya mkeo. Kwake hofu ni hofu. Na sisi wa hapa, miili yetu imejifunza kulala sikio moja likiwa wazi. Mlinzi wa lango hawezi kuwa bwana harusi usiku uleule. Kwa hiyo ukiingia kitandani unajitazama kama mkaguzi, "itaweza, haitaweza?", tayari umempigia mlinzi filimbi.

"Lakini nikinywa hamu inakuja." Nakubali, kidogo. Pombe ikiwa ndogo inapunguza hofu. Ikizidi, inazifanya neva nzito, zile zile ulizokuwa unazitegemea, ndiyo maana unabaki na maneno matamu peke yake. Ila nina swali la pembeni. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Wilson na Lawson, waliwaita vijana wanywaji wa kawaida wakawapa vinywaji. Wengine waliambiwa ni pombe, wengine waliambiwa si pombe, na katika kila kundi kuna waliodanganywa. Walioamini wamekunywa pombe ndio miili yao iliyoitika zaidi, hata wale ambao kwenye glasi hapakuwa na pombe hata tone. Yaani ule "moyo" unaoutafuta kwenye chupa, sehemu yake wewe mwenyewe unauingiza nao kwenye nganda kutoka nje. Sijui ni sehemu kubwa kiasi gani kwako. Ni kitu cha kukichunguza polepole, si usiku mmoja.

Jambo jingine la usingizi, fupi. Homoni ya kiume, testosteroni, inatengenezwa zaidi tukiwa tumelala. Huko Chicago waliwachukua vijana kumi wazima wa afya wakawalaza saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Matokeo yalitangazwa 2011. Ni watu kumi tu, usiyafanye kuwa Biblia. Lakini wewe kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa tisa unapata saa tano na kitu, na hiyo ni miezi.

Sasa nakuomba usome pole pole hapa, kwa sababu ndipo ninapoogopa kwa niaba yako. Ile mikono iliyotetemeka na kikombe cha chai haikuwa malaria. Ni mwili uliozoea pombe ya kila siku ukiuliza iko wapi. Kwako iliishia hapo. Kwa mtu anayekunywa zaidi, au kwa miaka zaidi, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege, au siku ya pili mpaka ya nne kuona na kusikia visivyopo, na watu wanakufa kwa hilo. Kwa hiyo ikiwa barua hii itakupandisha hasira ukaamua kesho usiguse tena, kwanza pita kituo cha afya umwone daktari au muuguzi. Mwambie ni chupa ngapi, ukubwa gani, siku ngapi kwa wiki, na umweleze na ile mikono. Usipunguze hesabu. Enzi zangu mtu akiniambia moja niliandika mbili, na mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa karibu na ukweli. Wakikuambia upunguze hatua kwa hatua, hiyo nayo ni kazi, na ina hatari yake: kesho moja na nusu, kesho kutwa mtu wa riba anapita, zinarudi tatu. Usishangae ikitokea. Uangalie tu ilitokea siku gani.

Hapo hapo waombe wakupime presha na sukari. Mishipa ya sehemu ile ni myembamba kuliko ya moyo, na wakati mwingine inatoa taarifa mapema kwamba damu haipiti vizuri. Mtu wa miaka 41 mwenye usiku kama wako anastahili kujua namba zake, hata kama sababu yote itakuja kuonekana ni chupa na deni.

Kuhusu dawa za marafiki. Kidonge cha buluu kwenye karatasi ya daftari hujui ni nini, kina kiasi gani, na kimetoka wapi. Hata kile cha kweli hakiwashi taa, kinaongeza tu umeme ukiwa tayari upo; juu ya bia mbili na hofu, hakina cha kuongeza. Kinashusha presha, pombe nayo inaishusha, na kwa mtu anayemeza dawa za nitrati za moyo kinaweza kuua. Daktari akikupima akakuandikia, ni habari nyingine. Na Valium saa tisa, hapana. Mnisamehe, safu hii haipendi kukata hukumu, lakini hii naikata: Valium na pombe zinakaza breki ileile, na breki hiyo inashika mpaka pumzi. Ukimeza moja ukiwa bado na bia mwilini, hujui ni ipi itakayokuwa nyingi.

Kaka yako sitamkejeli. Mtu anayepanga kukupeleka kwenye maombi ameona mdogo wake anaumia, na labda ndiye peke yake aliyethubutu kukutamkia. Ukienda na yakakupa utulivu, ni utulivu, na utulivu mwili wako unauhitaji. Ninachokiogopa ni yale yanayofuata: kutafuta nani wa ukoo aliyekufunga. Mtakapompata shangazi mmoja wa kumlaumu (huwa ni mwanamke, na huwa ni mjane au mzee), chupa zitaendelea saa moja ya jioni kama kawaida, na ukoo utakuwa umepasuka. Unaweza kusali bila kumtaja mtu.

Tufike Jumamosi.

Unaniuliza umwambie nini mama wa watoto, kana kwamba yeye hajui kitu. Huyo mwanamke anakufulia mashati. Analala pua yake ikiwa pembeni ya pumzi yako. Bia ameshaijua, niamini. Asichokijua ni kwa nini, na kwa sababu hujampa sababu, dada yake amempa moja. Hapo najiuliza: unachokificha hasa ni pombe, au ni yule mtu wa lambert? Maana barua yako nzima umeandika "sitaki kuyaongea sana" mahali pamoja tu, na ni pale penye dola 600.

Naona njia kama tatu, na hakuna iliyo laini.

Unaweza kwenda labo kimya, damu itolewe, karatasi itoke. Hapa kuna mtego ambao sijui kama umeuona: kile kipimo cha haraka cha tifoide kinachopendwa mitaani, cha kuangalia kinga za mwili, mara nyingi kinamwonyesha tifoide mtu asiyekuwa nayo. Unaweza kutoka na uongo wako umepigwa muhuri. Utapumua wiki mbili. Halafu atatoa dola nyingine.

Unaweza kumwambia nusu: kwamba si tifoide, ni usingizi na mawazo ya duka, na bia imezidi. Nusu hiyo ni kweli, na inamwondolea biro ya pili kichwani, jambo ambalo nadhani linamuuma kuliko mwili wako unavyomuuma. Hatari yake ni kwamba zile 40 zitabaki chini ya mkeka, na kwenye AVEC mama wanahesabu. Siku ya minervali atauliza dawa iligharimu ngapi.

Au umwambie yote, na dola 33 ndani yake. Sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Anaweza kulia, anaweza kwenda kwa dada yake siku tatu, anaweza kukuambia maneno ambayo utayakumbuka. Pesa ya minervali si pesa ya kawaida kwa mama. Lakini kuna wanawake wengi, nimewaona, ambao wakisikia "nina deni na ninaogopa" wanashusha mabega, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kusikia jina la mwanamke. Wako ni yupi, wewe unamjua, mimi nina barua tu. Ikiwa kwenu maneno huwa yanageuka mikono, ya kwako au ya kwake, usiende peke yako; mtafute mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Utakayoichagua, usiifanye kitandani, wala usiku, wala baada ya kujaribu na kushindwa. Na si ndani ya ile nyumba ya mbao ambamo jirani anasikia kikohozi. Tafuteni sababu ya kutembea, mteremke mpaka ziwani mchana, mkiwa ubavu kwa ubavu. Kuna maneno ambayo mwanaume anayaweza tu akiwa anatazama maji. Wala si lazima uyaanzie penye aibu kubwa. "Ile ya saa tisa si simu" ni mwanzo mzuri.

Na kwa wiki chache, mkikubaliana wote wawili, wekeni pembeni mtihani. Mlale karibu, mshikane, bila lile jambo kutazamiwa. Mkaguzi asipokuwa na kazi huwa anaondoka mwenyewe. Inawezekana pia asiondoke, na hapo kwenye kituo cha afya muulize muuguzi kama kuna mshauri wa kuwasikiliza wawili pamoja.

Kitu kidogo cha mwisho, cha vitendo. Yale madeni unayoyahesabu kwenye mabati, yaandike kwenye daftari la duka saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga: jina, kiasi, na kitu kimoja utakachofanya kesho. Hakitalipa deni. Lakini saa tisa, akili ikianza kukuita, utaweza kuiambia imeshaandikwa. Na siku za kwanza tafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu. Ile nganda "iliyo njiani" iko njiani kwa sababu wewe ndiye unayepita njia hiyo.

Usiku wa kwanza na wa pili utakuwa mbaya, ulishauona Rutshuru. Niandikie, hata mistari miwili, uniambie wa tatu ulikuwaje.

Yaya wako